Nilimpima Mke Wangu Uaminifu kwa Sikio

Jamani, mimi ndiye mkosaji. Msinitafutie utetezi, maana hata mama yangu mzazi alijaribu akashindwa.

Mke wangu, Mama Upendo, alianza kubadilika msimu wa kuchuma kahawa, hapa kwetu Namswea. Anakula kunizidi, lakini anakonda! Jasho linamtoka asubuhi ya baridi kali. Mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika. Siku moja nikamkumbatia, nikasikia moyo wake unadunda kama mashine ya kukoboa mahindi.

Mwenye akili angesema anaumwa. Mimi nikasema ana mwanaume!

Jumapili, tulipotoka kanisani, nikamkalisha mkekani, nikamwekea sikio kifuani na kuanza kutaja wanaume.

"Mwalimu wa kwaya!"

Pu-pu-pu-pu!

"Ahaa! Na bwana shamba je?"

Pu-pu-pu-pu!

"Baba Upendo, una wazimu?" aliuliza huku analia.

Kadiri nilivyofoka, ndivyo moyo ulivyozidi kukimbia. Nikamtaja katekista. Nikamtaja babu yangu, aliyefariki hata sijaoa. Mbio zilezile! Basi hapo si ningeshtuka? Wapi! Nikaanza kumchukia babu.

Kesho yake mke wangu akafunga nguo zake, akapanda gari la kuteremka Mbamba Bay, akarudi kwao Lundo. Mimi nikaenda kumkaba mwalimu wa kwaya katikati ya mazoezi. Waimbaji wenzangu wa besi wakanibeba mzobemzobe mpaka nje. Aibu gani ile!

Haikupita muda, baba mkwe akapiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Sikuitikii. Binti yangu ameanguka. Tuko hospitali, Mbinga."

Nilifika natweta. Daktari akanionyesha shingo ya mke wangu. Imevimba! Shingo niliyolala nayo kila siku, sikuiona.

"Tezi hii inamwaga homoni kupita kiasi," akasema. "Ile tezi ndogo chini ya ubongo, inayoiamuru, imeshanyamaza, lakini hii haisikii. Sasa homoni zikizidi, moyo unakuwa mwepesi mno kwa adrenalini, ile inayomwagika mtu akiogopa. Wewe ukishtuka, moyo unaruka kidogo. Wake unatimua mbio." Akatuangalia. "Kuna mtu anamtisha nyumbani?"

Baba mkwe akanitazama.

Yaani nilikuwa namtia hofu mwenyewe, halafu nasikiliza hofu hiyohiyo na kuiita ushahidi!

Sasa anameza dawa na amenenepa. Nimeenda Lundo kumpigia magoti. Alinikaribisha vizuri, akanipa ugali na dagaa, kisha akasema, "Baba Upendo, moyo wangu umetulia. Nimeona nitulie nao hukuhuku."

Nimerudi peke yangu. Kwaya wamenifuta, na bwana shamba akiona shamba langu anapita njia nyingine.

Wanaume wenzangu, moyo wa mkeo ukienda mbio, usiulize unamkimbilia nani. Mpeleke hospitali. Na mkiwa njiani, funga mdomo!