Jalada la Yusra

Nakumbuka Alhamisi moja ya theluji, mwanangu, nimeinamia kompyuta kwenye meza ya chakula ya Bi Zuhura, huku Eagan, Minnesota. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili wa afya ya jamii, mtu mzima tayari, mwenye kujiona mwangalifu kuliko wenzangu. Serikali moja ya Ulaya ilikuwa imekubali kuwapokea na kuwatibu watoto wagonjwa kutoka Gaza. Sisi wa kujitolea tulikagua majalada yao na kuyatuma kabla orodha haijafungwa Ijumaa.

Jalada la Yusra, binti wa miaka saba mwenye tundu moyoni, nilikuwa nimelishikilia tangu Jumatatu. Cheti chake cha kuzaliwa kiliishia na jina la babu. Barua ya daktari iliishia na jina la ukoo. Je, kama ni watoto wawili? Je, kama kosa langu lingefanya majalada yote yatiliwe shaka? Nilimwandikia mama yake kuuliza, nikangoja. Huko mtandao ulikuwa umekatika.

Bi Zuhura, muuguzi wa Mombasa aliyekuwa kwangu kama shangazi hapa ugenini, aliingia akiwa bado na sare ya kazi.

"Bado tu na mtoto huyo?"

"Majina hayalingani, Bi Zuhura. Nataka uhakika."

Alivua viatu vya theluji bila haraka. "Wewe kwenu ni Salim bin Omar bin Athmani. Kitambulisho chako cha hapa kinasema nani?"

"Salim Athmani."

"Baba yako wamemtupa wapi?" Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Na ulipopasuliwa kidole tumbo, nani alikuzuia mlangoni pa hospitali kwa sababu ya jina?"

Nilikuwa na hofu, nami hofu hiyo niliiita umakini. Nikasema nitangoja hadi asubuhi. Asubuhi nikangoja hadi adhuhuri, nikisahau kwamba adhuhuri ya Minnesota ni jioni ya Ulaya. Nilipotuma, orodha ilikuwa imefungwa.

Jibu la mama lilifika Jumapili: ndiye huyohuyo, hana binti mwingine. Orodha ya pili ilipofunguliwa, miezi miwili baadaye, nilituma jalada la Yusra kabla ya mengine yote. Mama akaandika kwamba Yusra ameshazikwa, akaomba, kwa adabu iliyonivunja, nafasi ile apewe mtoto wa jirani.

Mwanangu, sijui kama orodha ya kwanza ingemwokoa. Swali hilo nimeligeuza kila upande na bado sijalimaliza. Najua tu kwamba shaka yangu ningeweza kuiandika kwa mstari mmoja juu ya jalada, nikalituma siku ileile, wenye kuamua wakaamua. Ukikabidhiwa karatasi za mgonjwa, usizikalie ili wewe usilaumiwe. Andika unachokijua, na usichokijua pia, kisha tuma. Na pale unapodhani pamekosewa, tazama kwanza kama si desturi ya kwenu uliyoisahau.

Mungu akupe wepesi wa kutenda, akuepushe na barua kama ile niliyoisoma, na mtoto wa jirani yule awe alifika salama. Amina.