Maharage Yaliyochemshwa Yanapumua

Walimwita Pirika, na jina lilimkaa kama nguo ya kupimisha. Alikuwa mwanamke wa makamo, karani wa shule ya sekondari tangu usichana wake. Kazi yake ilikuwa kuchapa mitihani ambayo wengine wangeifanya, mpaka siku moja, akichapa mtihani wa biolojia, akajikuta anayajibu maswali kichwani huku vidole vikiendelea. Akaomba nafasi chuo cha ualimu, akapata. Mumewe, fundi saa asiye na maneno mengi, alimwambia tu, "Nenda. Humu ndani hata kuta zimechoka kukuona ukizunguka."

Na kweli hakujua kukaa. Chai aliinywa wima. Vitabu alivisoma akitembea kwenye ujia, kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa mbele na kurudi. Watu wakamwambia haraka haina baraka; akawajibu kwamba baraka zake zinajua mbio, zitamkuta mbele. Kahawa nayo aliinywa kama maji, nyeusi, kwenye kikombe ambacho kwa watu wengine kingekuwa bakuli.

Ndiyo maana mwalimu wa biolojia alipotaka kila jozi ya wanafunzi ichague jaribio, Pirika alikuwa amekwisha kuinua mkono kabla sentensi haijafika mwisho. Alitaka kujua kafeini, ile dawa ya kahawa inayofukuza usingizi, inazifanya nini mbegu zinapopumua. Mwenzake alikuwa binti mdogo aliyeitwa Daktari, kwa kuwa koti lake jeupe la maabara alilivaa hata kantini. Daktari alikuwa mtu wa kupima mara mbili na kusema mara moja.

Kabla ya kuanza walitakiwa waandike wanachotarajia. Pirika akaandika kwamba mbegu zilizolowekwa kwenye kahawa zitapumua haraka kuliko zilizolowekwa kwenye maji.

"Una hakika gani, Dada?" Daktari aliuliza.

"Nitazame mimi. Nikinywa kikombe kimoja napiga deki nyumba nzima. Hayo maharage yatakimbia, mdogo wangu. Utayatafuta."

Akatangaza hivyo hivyo darasani, na kantini, na kwa mlinzi wa geti.

Siku ya kupima iliangukia siku mbaya. Asubuhi ile ile mama yake alikuwa anapasuliwa jicho hospitali, aondolewe mtoto wa jicho. Pirika alikuwa ameamua kuacha kila kitu aende, lakini mama mwenyewe alimkatalia.

"Wewe usije," alisema kwenye simu. "Atanipeleka kaka yako."

"Mama, mimi ndiye mkubwa!"

"Mkubwa ndiyo, lakini utanitia kiwewe. Mara utoke, mara uingie, mara ugombane na wauguzi. Baki na maharage yako."

Neno lile lilimchoma. Akaenda maabara na moyo uko juu juu, simu mfukoni, sauti imefunguliwa hadi mwisho.

Jaribio lenyewe halikuwa na makuu. Chupa tatu zilisimama kwenye beseni la maji. Ya kwanza ilikuwa na maharage yaliyolowekwa kwa maji hadi yakaanza kuchipua, ya pili yaliyolowekwa kwa kahawa, ya tatu yaliyochemshwa yakafa kabisa, ili wawe na kitu cha kulinganishia. Kila chupa ilikuwa na dawa ya kufyonza hewa chafu ambayo mbegu zinatoa, na kizibo cha mpira kilichopitishwa mrija mwembamba wa kioo. Ndani ya mrija kulikuwa na tone moja la maji mekundu. Mbegu zikivuta oksijeni, hewa ndani ya chupa inapungua, na tone linavutwa kuelekea ndani. Tone likienda haraka, mbegu zinapumua sana. Basi. Kazi iliyobaki ni kukaa na kutazama.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida, maana kukaa ndiko Pirika asikokujua. Aliinama juu ya chupa, pua karibu iguse mrija. Akainuka. Akampigia kaka yake. Simu haikupatikana. Akainama tena. Maabara ile mtandao ulipatikana dirishani tu, kwa hiyo akafungua dirisha, akatoa mkono nje na simu yake kama mtu anayeomba mvua. Upepo ukaingia, karatasi zikaruka. Kaka kimya. Akarudi kwenye chupa, na ghafla akashika kifua.

"Daktari! Njoo uone!"

"Kuna nini?"

"Maharage yaliyochemshwa yanapumua!"

Daktari akaja mbio, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kweli, tone la chupa ya tatu lilikuwa linatambaa kuelekea ndani, taratibu lakini bila aibu, kana kwamba maharage yaliyotokota jioni nzima ya jana kwenye sufuria yamefufuka na kukumbuka kazi yao.

"Mbegu zilizokufa hazipumui," Daktari alisema polepole.

"Najua! Lakini macho yangu nayo hayajachemshwa."

Waliyatazama matone yote matatu. Daktari akarudi kwenye namba walizokwisha kuandika, akazipitia kwa ncha ya kalamu. Mara tone lilikwenda ndani, mara likatoka nje, chupa zote kwa pamoja, kama watu wanaocheza ngoma moja. Akatazama dirisha lililo wazi. Akamtazama Pirika, aliyekuwa ameinama tena juu ya beseni, anahema.

"Dada, rudi nyuma kidogo. Hapo hapo. Sasa funga dirisha."

Wakasubiri. Tone la maiti likasimama.

"Upepo ukiingia, chupa zinapoa, hewa ya ndani inasinyaa, tone linaingia. Wewe ukiinama na joto lako na pumzi zako, hewa inatanuka, tone linatoka." Daktari alifunika kalamu yake. "Samahani, Dada. Tatizo siyo maharage. Tatizo ni wewe."

Mara mbili kwa asubuhi moja! Pirika akatoka nje hadi barazani, akapiga simu mara nyingine, na nyingine. Alijiona kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alikuwa amekwisha kumzika mama yake kichwani na kugawa vyombo pale simu ilipopokelewa.

"Wewe, kuna moto?" Ilikuwa sauti ya mama mwenyewe.

"Mama! Mbona hampatikani? Wamekupasua? Unaona?"

"Wamemaliza zamani, nipo nakunywa uji. Simu nilimnyang'anya kaka yako nikaizima. Nilijua utapiga mpaka ipasuke. Nimeiwasha sasa hivi, na kabla sijaiweka chini, ni wewe. Haya, kwaheri, muuguzi ananitazama vibaya."

Simu ikakatwa. Pirika alicheka peke yake, kisha akalia kidogo, kisha akapangusa uso kwa kiganja na kurudi ndani kwa hatua za mtu anayekwenda kuzima moto.

"Tunaanza upya," alisema. "Namba zote za asubuhi, futa."

"Zote?"

"Zote. Zimepima mama yangu, hazikupima maharage."

Akatafuta boksi stoo, wakalitumbukiza beseni ndani, wakajaza vipande vya magazeti pembeni ili joto lisichezecheze. Nyuma ya kila mrija wakabandika rula. Kisha Pirika akachukua chaki, akachora mstari sakafuni mbali na meza, akabeba kiti akakiweka nyuma ya mstari huo.

"Nikivuka huu kabla hujaniruhusu, nipige."

Akakaa. Miguu ilicheza, goti likapanda na kushuka, vidole vikagonga kiti. Mara mbili alinyanyuka nusu, mara mbili Daktari akakohoa, akakaa tena. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, na hakuna aliyemwona akitoka jasho isipokuwa yeye.

Matokeo yalipokuja yalimwacha mdomo wazi. Tone la maharage ya maji lilitembea vizuri. La maharage yaliyokufa lilitulia kama lilivyopaswa. Na la maharage ya kahawa, yale aliyoyatangaza mpaka getini, lilijikokota kama mtoto anayetumwa dukani asikotaka kwenda.

"Haiwezekani. Hizo mbegu zilikuwa mbovu."

Kesho yake wakarudia kwa mbegu mpya za akiba, nazo zimeanza kuchipua. Yale yale. Daktari alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

Jioni hiyo Pirika alikwenda tena kwa mama yake. Alimkuta amelala chali, jicho moja limefunikwa kwa pamba, kaka yake anasinzia kitini.

"Na hayo maharage?" mama aliuliza.

"Yamelala, Mama. Nimeyapa kahawa, yakalala."

Mama alianza kucheka, akakumbuka ameambiwa asicheke, akashika shavu. "Na mimi miaka yote nasema kahawa ndiyo inakuharibu. Kumbe ni wewe tu."

Pirika akainuka kukunja shuka ambalo lilikuwa limekunjwa tayari. Mama akamsikiliza akizunguka chumba.

"Mwanangu. Sikukukataza kwa sababu unasumbua."

"Kwa sababu gani basi?"

"Nilikuwa naogopa. Ningekuona unazunguka, ningejua na wewe unaogopa. Kaka yako huyu analala tu, nikamtazama nikatulia."

Pirika aliliacha shuka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mguu wa mama yake juu ya shuka, na kwa muda hakuna kilichotikisika. Kisha akaenda kuosha bakuli la uji.

Wiki iliyofuata waliwasilisha kazi yao darasani. Pirika alisema wazi kwamba alitarajia moja akapata lingine, akaeleza na habari ya dirisha, darasa likacheka. Mwanafunzi mmoja wa nyuma, asiyeuliza kitu kwa kawaida, akanyanyua mkono.

"Kwani kwenye kahawa kuna kafeini peke yake?"

Pirika alimtazama Daktari, Daktari akatazama dari. Kwenye kahawa kuna mambo mengi, na wao hawakuyatenganisha.

"Swali zuri," Pirika alisema mwishowe. "Hatujui."

Mwalimu, kijana wa kumzaa, akamwambia kwa heshima kwamba stoo kuna kafeini halisi ya unga, na kwamba si lazima warudie. Kabla hajamaliza, Pirika alikuwa amekwisha kuomba ufunguo. Kwa unga ule, kiasi kidogo hakikuleta tofauti waliyoweza kuiona. Kikizidi, tone lilipunguza mwendo, ila si sana kama kwenye kahawa. Wakaandika hivyo hivyo, bila kupamba. Walipata alama nzuri, siyo za juu kabisa, na Pirika alibishana na mwalimu juu ya alama zilizopungua mpaka kijana wa watu akachelewa basi.

Muhula uliofuata alipelekwa shule kufundisha kwa majaribio. Mwalimu mkuu alimpokea, akamwonyesha meza na kiti chake katika chumba cha walimu, kiti kizuri chenye mto. Pirika alishukuru, akaweka mkoba wake juu ya mto, akauliza darasa liko wapi, na kengele ilipolia alikuwa ameshafika mlangoni.