Kitanda Nilichokipimia Kibla

Jumatatu iliyopita, siku nne baada ya arobaini ya mama yangu, nilipoteza heshima yangu ya useremala hapa Msalato.

Familia moja ya wasafiri ilileta gari lao, basi dogo lenye jiko na kitanda kimoja ndani. Walitaka cha pili, cha binti yao mrefu aliyekuwa akilala sakafuni.

Mama hakuwahi kuniacha nilale miguu ikielekea kibla. Nikamkumbuka, nikatazama msikiti wetu umeelekea wapi, nikakifunga kitanda kwa kukingama, ukuta hadi ukuta. Nikajisifu moyoni.

Binti alipojilaza, ilibidi akunje magoti.

“Fundi, mbona hukukiweka kwa urefu wa gari?” baba yake akauliza.

“Nimekwepa miguu isielekee kibla, mzee.”

Akanitazama. Akawasha gari, akaligeuza kuelekea barabarani, akazima.

“Haya, kibla iko wapi sasa?”

Binti, bado amejilaza, akachungulia msikiti dirishani. “Baba, miguu yangu ndiyo iko kibla!”

Mama yake alicheka mpaka akashika mlango. Nikachukua bisibisi, nikaingia kufungua skrubu bila kumtazama mtu.