Sufuria ya Tantine Berta

Mpaka leo, nikisikia mwiko ukigonga sufuria, naacha ninachofanya na kutoka nje kutazama. Wajukuu wangu wananicheka. Waache wacheke, hawajui nilichokifanya.

Miaka ya hamsini tulikaa mtaa wa Tshopo, karibu na maporomoko. Maji yalinguruma mchana kutwa, na mwanamke akipiga kelele hakusikika hata nyumba ya tatu. Kwa hiyo mama zetu walikuwa na desturi yao. Mume akiinua mkono, mke alipiga sufuria tupu kwa mwiko, haraka haraka, na majirani waliacha mboga ya sombe motoni wakaja kusimama uani kwake. Hawakusema neno. Walisimama tu, mikono kiunoni, mpaka mwanamume aone haya.

Tantine Berta, mdogo wake mama, alikuwa jirani yetu. Kila Jumamosi alinisuka nywele, vidole vikinukia mawese na samaki wa moshi. Mume wake, tonton Gasto, alikuwa karani wa suruali iliyonyooshwa kwa pasi, na mkono mwepesi wa kupiga. Mara mbili nilimwona akirudi nyuma mbele ya wale wanawake.

Kisha tukafungiwa kipaza sauti cha redio juu ya nguzo, mbele ya nyumba zetu. Jumapili alasiri kulikuwa na mchezo wa kuchekesha, wa mume mkali na mke mjinga aliyeunguza kila chakula. Mume akimkimbiza, mke aligonga sufuria, ko-ko-ko-ko, na mume alijibu, "Piga ngoma, mama, mi nacheza!" Halafu kofi, paa! Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Papa alicheka. Mama naye alicheka, sitamficha.

Jumapili moja mchezo ulikuwa umekwisha, watu hawajatawanyika, sufuria ikalia kwa tantine. Ko-ko-ko-ko. Mwanamume mmoja akaita, "Piga ngoma, mama!" Watu wote wakaangua kicheko. Mimi nilikimbia mpaka kwenye ua wake, si kwa kumsaidia, Mungu wangu, bali nisikike kuliko wote: "Mi nacheza!" Mama alikuwa ameshanyanyuka. Alinitazama, akawatazama wanaocheka, akatabasamu kwa aibu, akakaa tena.

Sufuria iliendelea kidogo, ikanyamaza.

Jumamosi nilikwenda kusukwa kama kawaida. Uso wa tantine ulikuwa umevimba upande mmoja. Niliketi chini, katikati ya magoti yake, naye akasuka nusu ya kichwa.

"Nilisikia kicheko yako pale uani," akaniambia mwishowe. "Nikasema, bon, mutoto amefika, mama yake iko nyuma."

Niliinua uso upande wake wa kushoto, nikamwambia kwa sauti ndogo, "Pardon, tantine." Hakujibu. Aliendelea kusuka. Nilirudi nyumbani nikilia, nikijua amenikatalia, na nikaapa kutomwomba msamaha tena.

Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto wangu, nilipogundua kwamba sikio lake la kushoto lilikufa Jumapili ile. Pardon yangu haikumfikia. Ningeweza kuirudia upande wa kulia, nilikuwa na miaka mingi ya kufanya hivyo, lakini niliona haya. Sasa tantine yuko makaburini, na mimi kila sufuria ikilia natoka nje, nimechelewa.