Kitongoji Chetu Kwenye Orodha ya Mahame

Programu niliyoiandika ilikuwa na kazi moja: kupitia orodha ya vijiji na vitongoji vya Kibiti kwenye tovuti ambayo yeyote anaruhusiwa kuandika na kurekebisha. Ikikuta wakazi ni sifuri, inalihamishia jina kwenye orodha ya mahame, yaani palipohamwa.

Kitongoji chetu, huko deltani ng'ambo ya Mbuchi, nilikiwekea sifuri kwa mkono wangu. Mafuriko yalikizoa na watu wakatawanyika. Baba, ambaye mama alishamtangulia mbele ya haki, nilimpangia chumba Kibiti mjini. Kila nikimpigia kutoka Dar alisema yu salama, nami nikamshukuru Mungu, maana mzee yule peke yake katikati ya maji ndiyo hofu iliyokuwa ikininyima usingizi.

Asubuhi moja nikakuta kitongoji kimerudishwa kwenye orodha ya vijiji hai. Programu ikakihamisha. Kesho yake kimerudishwa tena. Mimi sina subira na watundu wa mtandaoni. Nikamwandikia huyo mtu kwenye ukurasa wa majadiliano, bila hata salamu, kwamba pale hapana mtu na aache kuchezea kazi za wenzake.

Jibu lilikuja mchana. "Marahaba, mwanangu. Watu wapo. Mie niko huku tangu maji yalipotoka."

Marahaba ile ilikuwa ya baba. Simu ile nilimnunulia mimi, na kuandika kwenye tovuti nilimfundisha mimi. Kumbe chumba cha Kibiti kilikuwa kimefungwa muda wote, na salama yake ilikuwa inatoka deltani! Nikawaza mamba, nikawaza homa, nikamwona baba juu ya dungu lake la kulindia mpunga shambani, hana wa kumpa hata maji ya kunywa. Nikapiga simu huku nalia. Haikupokelewa.

Kwa kukosa la kufanya, nikafungua tena orodha. Sifuri yangu ilikuwa imefutwa. Mahali pake paliandikwa: wakazi wawili.

Nikapiga mara ya pili. Ikapokelewa na mwanamke, sauti yake tulivu. Nikasahau hata kumwamkia, nikamuuliza yeye ni nani.

"Baba yako yuko shamba, anaamia ndege wasimalize mpunga," alisema. "Mie mkewe. Kila siku anasema atakwambia, mwanangu. Leo kaona bora uhesabu mwenyewe."