Jani la Mpera na Doti Nyekundu

"Kama ni taa, peleka zizini ukawamulikie ng'ombe," Chepchirchir alisema, akakisukuma kile kioo cha kulengea juu ya meza mpaka kikagonga sahani ya mandazi. "Juu ya bunduki yangu hakipandi."

"Senge, si taa. Ni doti," Gibson alisema kwa mara ya nne asubuhi hiyo. "Unaangalia mbele, doti nyekundu inakaa pale unataka risasi iende, unafinya. Basi. Hata macho mawili unawacha wazi."

"Macho mawili wazi nilikuwa nayo siku ya harusi yangu, na bado sikuona ninachoolewa nacho."

Wanjiru, mwenye hoteli, alicheka hadi akamwaga maziwa kwenye jiko. Gibson hakucheka. Alikuwa mtoto wa kaka yake Chepchirchir, ndiyo maana alimwita Senge, yaani shangazi; alikuwa kijana wa miaka thelathini na moja, na tangu mwaka jana ndiye kiongozi wa askari wa akiba tisa wanaolinda ukingo ule wa juu ya Soin, pale majani chai yanapokwisha na miwa inapoanza. Si jambo rahisi kuwa kiongozi wa shangazi yako. Ukimwambia simama anakuuliza kama umekula.

"Leo saa nne tunaenda timbo," Gibson alisema. "Inspekta Oyugi amesema kila mtu atapiga risasi tano kwa doti. Tatu zisipoingia kwa kibao, unarudisha bunduki kituoni. Ni hivyo. Si mimi nimetunga."

"Na mimi si mimi nimekataa. Ni bunduki."

Inspekta mwenyewe alikuwa amepita pale mapema, mtu mrefu, mpole wa sauti, asiyejua utani wa watu wa ukingoni. Alisimama mlangoni akamwuliza Wanjiru anauza nini, na ubao wa vyakula umeandikwa kwa chokaa ukutani, herufi kubwa kama vichwa vya mbuzi. Wanjiru alimsomea wote. Akanywa chai ya rangi, akasema, bila ubaya, kwamba mama akishindwa shabaha asione haya, kwani hata kupanda maharagwe ni kazi ya taifa. Akaondoka.

Maharagwe! Neno hilo lilimkaa Chepchirchir kooni kama mfupa wa samaki.

Lazima ijulikane bunduki ile ilimfikiaje. Chepchirchir hakuona mlango wa shule ila alipopeleka kuni. Alizaliwa huko juu kwenye majani chai, na kwenye majani chai akakulia, kikapu mgongoni. Huko walimfundisha kulaza ufito mrefu juu ya miti ya chai, ukiinama unafunga jicho moja na kuangalia kama ufito na miti vimelala sawa. Kinachochomoza juu ya ufito ndicho unachochuma. Ukifanya hivyo miaka kumi na tisa, jicho linajua mstari kuliko rula ya fundi. Na walichuma kwa hila pia. Nyapara akitokea mbali kwenye ukungu, hamjui kama ni nyapara au ni mtu anayetafuta punda wake, mchumaji mmoja alitafuta jani lililotobolewa na mdudu, akaliweka jichoni na kuchungulia kwenye kile kitobo. Kitobo kidogo kinanoa mtu wa mbali. Wanasema Chepchirchir kwa jani moja aliweza kujua, kutoka ng'ambo ya bonde, kama nyapara amenyoa ndevu na kama ameachana na mkewe.

Halafu akaolewa huku chini na Aron, mtu mtaratibu mwenye ng'ombe kumi na moja. Kiangazi kimoja wezi wakaja. Wengine walitoka mbali, wengine walitoka karibu kuliko watu wanavyopenda kusema. Mmoja alijulikana hadi sauti yake ya kwaya. Wakazoa ng'ombe wote kumi na moja. Aron aliishi miezi minne tu baada ya zizi kunyamaza. Hakuugua. Kila asubuhi alitoka na ndoo ya kukamulia, akasimama, akarudi nayo tupu, mpaka siku moja hakutoka.

Baada ya mazishi chifu aliitisha baraza. Serikali inatoa bunduki kwa watu wa ukingo, nani atachukua? Wanaume wakaanza kuangalia viatu vyao kana kwamba vimeandikwa kitu. Kule nyuma, Chepchirchir, na nguo ya msiba bado mwilini, akasema, "Nileteeni."

Wakacheka. Akasema tena, "Nileteeni, au mwenye kucheka aje achukue."

Kicheko kikaisha. Hiyo ni miaka kumi na minne. Tangu hapo ukingo ule haukupoteza ng'ombe hata mmoja, ila mtamba wa kina Chepyegon aliyejitoa mwenyewe kufuata dume, na huo si wizi, ni mapenzi. Hakuwahi kupiga mtu. Usiku mmoja wa mbalamwezi wezi walipojaribu tena, alipiga risasi kamba ya kengele iliyokuwa shingoni mwa ng'ombe aliyetangulia. Kengele ikaanguka, ng'ombe akageuka kuitafuta kengele yake, wenzake tisa wakamfuata mpaka nyumbani, na wezi wakabaki wameshika fimbo. Ukibisha, kengele bado ipo. Ina alama.

Saa nne wakawa timboni, shimo kubwa walikochimba mawe ya barabara, na mipera imejiotea ukingoni. Kibao cha karatasi nyeupe kilisimama hatua mia moja mbele. Vile vioo vikafungwa juu ya bunduki, kila kimoja na betri yake ndogo kama kifungo cha shati. Yale machuma ya kulengea ya zamani, tundu la nyuma na ncha ya mbele, yakabaki chini yake.

Gibson alipiga kwanza. Kusema kweli, alipiga vizuri. Alisimama macho mawili wazi kama mtu anayesalimia, pa pa pa pa pa, tano zote ndani kabla hujapiga chafya. Vijana wakapiga mbinja. Hata Chepchirchir moyoni alisema, mtoto wa kaka yangu huyu.

Akalala chini, akaweka shavu kwenye kitako, akachungulia.

Doti haikuwa doti. Ilikuwa nyanya iliyokanyagwa na ng'ombe. Imepasuka, ina mikia mitatu, wekundu umetapakaa kwenye karatasi yote.

"Hiki kimeharibika," alisema.

Wakampa kingine. Nyanya ileile. Akaomba cha Gibson chenyewe, kilichotoka kupiga tano sasa hivi. Nyanya.

"Senge," Gibson alimwinamia, sauti chini, "kwangu ni duara. Ni ndogo kama mbegu ya sukuma."

Hapo ndipo Chepchirchir alipoelewa. Vioo havikuwa na shida. Ni macho. Jambo aliloficha miaka mitatu, akijifanya hapendi kutia uzi kwenye sindano kwa sababu ya uvivu, lilikuwa limeandikwa pale mbele yake kwa wekundu. Na mtu mwenye macho mabovu hapewi bunduki ya serikali. Alipiga. Alichagua mkia wa kushoto wa nyanya, akapiga. Akachagua wa kulia, akapiga. Kati ya tano, moja iliingia kwa kibao, na hiyo nayo pembeni, kama mgeni asiyealikwa.

Inspekta Oyugi aliandika. "Mama, pole. Toa risasi, weka bunduki chini."

Chepchirchir alitoa risasi, akafungua chemba ili kila mtu aone iko tupu, akaelekeza mtutu ardhini. Halafu akasimama nayo.

"Naweka chini nikifa."

"Senge!" Gibson alisema.

"Nyamaza, weri, mtoto wewe. Inspekta, umenipima kwa kitu chako. Haki ni kunipima pia kwa kitu changu. Nipe tano nyingine, nikikosa nitakupandia hayo maharagwe wewe mwenyewe, shamba zima, na palizi juu."

Inspekta alitazama saa, akatazama wale vijana, akatazama lile zee lenye gambuti za matope lililosimama kama kigingi. "Tano," alisema. "Za mwisho."

Watu wakadhani atalala chini mara moja. Hakulala. Alitembea mpaka kwenye mpera, akaanza kupekua majani kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Akachuma moja, akalinyanyua juu angani, akalitupa. Akachuma lingine. La tatu lilikuwa na kitobo kimoja, safi, cha mdudu mwenye adabu. Akalilamba nyuma, akalibandika kwenye kile kioo upande wa jicho, akalala.

Nyanya ikajikusanya. Ikawa mbegu.

Alipiga tatu. Zote tatu ndani.

Chepchirchir akalibandua jani, akateremsha shavu kidogo mpaka jicho likafika chini ya kioo, kwenye lile tundu la chuma la nyuma, akaipandisha ncha ya mbele katikati ya tundu kama anavyolaza ufito, akapiga mbili. Zilipoenda kuangaliwa, zilikuwa zimegusana mabega.

Akainuka, magoti yakilia, akamwekea Inspekta lile jani kiganjani.

"Hiki kioo chenu ni kizuri," alisema. "Lakini kwangu kinahitaji jani. Chuma changu kilizaliwa na jani lake, hilo tundu."

Inspekta Oyugi alilitia jani mfukoni. Akanyoosha mkono. "Mama, naomba bunduki. Niongee na wakubwa kwa simu. Mkanisubiri hotelini."

Hakunyang'anya, aliomba. Kwa sababu hiyo tu alipewa.

Basi mchana ukawakuta tena kwa Wanjiru, Chepchirchir mikono mitupu magotini, mvua ya kila siku ikipiga mabati, na Gibson amekasirika kuliko asubuhi.

"Umejianika, Senge! Ungesema tu kioo kimekataa, ningekutetea. Sasa umeonyesha watu wote macho yako hayafanyi."

"Macho hayafanyi, nimepiga tano. Yakifanya ingekuwaje?"

"Na jioni? Hebu niambie. Giza likianza, hiyo tundu yako ni kuchungulia kwa chungu kilichofunikwa. Doti inawaka. Wezi wanakuja saa ngapi, adhuhuri?"

Hapo Chepchirchir alikuwa amepatikana, na alijua. Alikata andazi vipande viwili, akakitafuna kimoja polepole ili apate nafasi.

"Jioni wewe uko," alisema. "Na doti yako. Nimesema uitupe? Mimi nitakaa upande wa kengele, nitasikia kabla hujaona. Lakini asinipangie mtu kwamba kwa kuwa kuna kitu kipya, basi mimi ni kitu cha zamani."

"Hakuna mtu amesema hivyo."

"Maharagwe yamesemwa hapa hapa, Wanjiru ni shahidi."

"Mimi nachemsha chai," Wanjiru alisema haraka. "Mambo ya bunduki sijui."

"Senge, ukinyimwa tutakutafutia—"

"Mtanitafutia nini? Ndoo?" Aliisukuma sahani ya mandazi kando. "Aron alisimama na ndoo tupu miezi minne. Mimi sisimami na kitu tupu mkononi. Akija huyo mrefu kuniambia nirudi nyumbani, nitamwambia bunduki ilinikuta barazani wanaume wakiangalia viatu, na itaniondokea barazani, mbele ya watu, na kwanza atafute mwanamume mmoja aliyeinua mkono siku ile, na asipompata, basi yeye mwenyewe achukue kitanda chake aje alale huku ukingoni, na—"

Mlango ukajaa mtu.

Inspekta Oyugi alikuwa amelowa mpaka viatu. Bunduki ilikuwa begani mwake, na juu yake hapakuwa na kioo. Palikuwa patupu, na lile tundu la chuma limebaki peke yake na matone ya mvua. Hakusalimu. Alisimama pale pale aliposimama asubuhi, akainua mkono, akaliweka jani la mpera jichoni, akafumba jicho la pili, akaugeukia ule ubao ukutani, ule aliosomewa asubuhi.

"Chai ya maziwa," alisoma taratibu. "Chapati. Ndengu." Akasita. "Maharagwe."

Akashusha jani, akavuka sakafu, akailaza bunduki kwenye magoti ya Chepchirchir.