Nimeng'oa maua ya baba yake Wambui

Vijana wa Thika, leo nimeharibu uchumba wangu kwa kufanya kazi vizuri sana.

Cheka polepole, wewe unayesoma hapa ukutani mwa hoteli. Chai itakumwagikia.

Asubuhi nilifika Gitothua kwa baba yake mchumba wangu Wambui, nikaambiwa ametoka. Nyuma ya nyumba, chini ya mizinga yake ya nyuki, magugu yamejaa! Yale ya porini, yenye maua ya rangi ya chungwa.

Nikasema, leo huyu mzee atajua binti yake amepata mwanaume.

Nikashika jembe. Kufika saa sita, pote panang'aa kama kipara.

Mzee akarudi. Akainama, akapapasa udongo mtupu.

"Umekata, ama umeng'oa?"

"Nimeng'oa na mizizi, mzee! Hayarudi tena!" Nikapiga kifua.

Haki, mtu mzima akashika kichwa.

Kumbe aliyapanda mwenyewe, ndiyo chakula cha nyuki wake! Ati ningekata tu, yangechipuka tena mvua ikinyesha.

Kwani nani hupanda magugu? Mama alinichapa utoto wote kwa kuyaacha shambani!

Wambui naye yuko mlangoni, anacheka mpaka machozi.

"Kachimbe mengine porini, uje uyapande," mzee akasema. "Nyuki wakirudi kwenye maua hayo, mlete baba yako tuongee mahari."

Sasa niambieni, nyinyi wasomi wa standadi eiti: mimi ni mchumba ama kibarua? Andikeni hapa chini, kalamu iko kwa mwenye hoteli.

Na nyuki wakipenda maua ya jirani, nitaoa nani?